Kilio cha Flurin

Flurin aliwadharau watu wa filamu tangu alipoingia kwenye ghala lao baridi, pembeni mwa Zürich. Yeye alikuwa mtu wa jukwaani. Alikwisha kuvaa mataji ya wafalme, na sauti yake ilifika hadi viti vya nyuma. Hawa walimtaka aigize mchunga ng'ombe anayekula jibini huku akiambiwa kwamba mdogo wake amekufa.

Wakamwambia. Flurin akashika kifua, akaangua kile kilio chake kilichozoea kuwainua watu vitini.

Mwongozaji, mama mmoja mnene aliyevaa koti la mvua, alipiga mwayo.

"Bwana mkubwa, umemlilia nani?"

"Mdogo wangu."

"Wapi. Umewalilia waliokata tiketi. Njoo ujione."

Kwenye kioo kidogo cha kamera Flurin aliona mdomo uliopinda kwa ustadi. Juu yake yalikuwapo macho mawili makavu, yakizungukazunguka kutafuta nani anamtazama. Aliwahi kuwacheka waigizaji wenye macho kama hayo.

"Nenda zako," yule mama alisema, akianza kukunja nyaya. "Si una onyesho saa moja na nusu? Wahi tramu. Huko watakupigia makofi."

Flurin alisimama akiutazama mlango. Simu ikaanza kulia mfukoni. Ni watu wa ukumbini, bila shaka, wakimwulizia mfalme wao.

Akaizima, akarudi kukaa mezani penye jibini.

"Niambie tena," alisema, safari hii kwa sauti ndogo hata yule mama akalazimika kusogea karibu.