Mstari wa Sita

Siku hizo mzee aliyeshindwa kusoma mstari wa sita wa ubao wa kupimia macho hakuruhusiwa tena kuishi nyumba moja na mtoto mdogo. Alihamishiwa makao ya wazee. Kalunde alikuwa akisomea kupima macho, na mtihani wake wa mwisho ulikuwa kumpima mtu wa nyumbani kwake mbele ya msimamizi. Alimpeleka mama yake, Bi Nyanzala, aliyemlelea mtoto wake mdogo tangu azaliwe.

Kalunde aliwasha ubao wa herufi. Mama akaketi wima, akausoma mstari wa sita bila kusita. Herufi alizozitaja hazikuwepo kwenye ubao huo wa mtihani. Ndizo Kalunde alizokuwa akizikariri kwa sauti jikoni miezi yote, mama akikoroga uji kando yake.

“Andika ulichokiona,” msimamizi alisema.

Mama alikuwa akitabasamu kuelekea ukutani. Kalunde akaandika: ameshindwa. Msimamizi akakigonga muhuri cheti cha Kalunde.

Walipotoka nje, mama alipapasa mpaka akaushika mkono wa bintiye.

“Tumefaulu, mwanangu?”

“Mimi nimefaulu, mama.”

“Basi leo niachie mimi nimwogeshe mtoto,” mama alisema.