Matundu Manane

Nyamizi, muuza vifaa vya muziki, alimwekea Kalugendo mezani visanduku viwili vya kuingizia sauti kwenye kompyuta. Kimoja kilikuwa na tundu moja la maiki. Cha pili kilikuwa na manane, na taa za kutosha kupamba harusi.

"Mnarekodi wangapi, mwalimu?"

"Kwaya yangu nzima. Wanane," alijibu, kifua mbele kama jogoo aliyepakwa mafuta.

Kwaya nzima! Tangu Jumapili, alipowaita waimbaji wake mbuzi mbele ya waumini, kwaya ilikuwa yeye na tai yake. Nyamizi alijua; dada yake alikuwa mmoja wa mbuzi hao.

"Chukua hiki cha tundu moja."

"Mimi si wa kuimba bafuni, binti! Nipe kikubwa. Wakikiona watarudi."

Nyamizi akachomeka maiki moja kwenye kile kikubwa. "Haya, kijaribu."

Kalugendo akaimba. Taa moja ikawaka kijani. Alipofika pale kwaya inapopokea, akanyamaza kwa mazoea, mkono juu, akisubiri.

Nyamizi, aliyekijua kiitikio chote, akachukua kitambaa akaanza kufuta vumbi kwenye yale matundu saba.