Sarafu Tumboni mwa Orrin

Leland aliweka sikio juu ya tumbo la Orrin Tveit, akagonga taratibu kwa kijiko. Dukani kwake, anakouza sarafu za kale, za fedha huzitambua kwa mlio: unadondosha moja kwenye kaunta, inaimba. Leo hakusikia ila maharage ya jana.

"Inasemaje?" akauliza Marlys, binti wa Orrin, aliyesimama kando ya kitanda na kikombe cha kahawa.

"Imenyamaza," alisema Leland.

Ilikuwa sarafu ya senti kumi, ya mwaka 1916, yenye herufi ndogo D ya Denver mgongoni, na hakuna mkusanyaji wa sarafu Marekani nzima asiyeiota. Orrin alikuwa amewaeleza wanawe kwa simu: aliitia mdomoni ili mikono yote miwili ishughulikie dirisha lililokwama, ikamjia chafya, akaimeza. Marlys akapanda ndege kutoka Phoenix. Kaka yake, Curtis, akaja kwa gari kutoka Tulsa. Hawakuwa wamekanyaga nyumba ile tangu mazishi ya mama yao, na sasa walimpikia mzee uji, wakamkata kucha, wakacheza naye karata mpaka akachoka kuwashinda.

Tatizo ni kwamba sarafu haikutaka kutoka. Picha za eksirei zilimvuruga daktari kabisa: Jumanne ilikuwa imeshuka hadi utumbo mpana, Alhamisi imerudi juu tumboni. Daktari akasema hajawahi kuona pesa kaidi namna hiyo. Curtis akasema inafanana na mwenyewe. Kila asubuhi Orrin alijifungia chooni peke yake na chujio la tambi, maana katika jambo hilo hakutaka msaada wa mtu, kisha akatoka akitikisa kichwa.

Ndipo wakamwita Leland akadirie thamani. Curtis alitaka kujua jambo moja tu, kama sarafu bado inastahili kusubiriwa au waondoke zao. Kazi ilikuwa inamngoja Tulsa, na uji ulikuwa umemtokea puani.

Leland hakuwa mtu wa kupamba maneno. Katika kazi yake kuosha sarafu ni dhambi. Isugue kwa dawa ya meno mara moja tu, na nusu ya bei imeshakwenda na maji. Na hii ilikuwa inaoshwa usiku na mchana na tumbo la mzee mpenda siki. Akaiinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akaipima kwa rula, akaguna.

"Tupe namba, Bwana Leland," alisema Curtis. "Usituzungushe."

"Ingekuwa kavu, dola elfu kumi na tano. Ilivyo sasa..." Akamtazama Orrin kwa huruma. "Mia nne. Ikikaa zaidi, itawanunulia peremende."

Curtis akatoka kwenda kupakia mabegi yake. Marlys akambusu baba yake kwenye paji la uso, akasema atapiga simu Krismasi, akaenda kuulizia ndege. Kikombe chake alikiacha dirishani, kahawa ikiwa bado ya moto.

Leland alijiona mbaya. Alikuwa amesema kweli tu. Akaufunga mlango, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Pole, Orrin," alisema. "Kama kungekuwa na njia ya kuipata leo hii, ningeitafutia bei nzuri mimi mwenyewe."

Orrin alisikiliza kwanza mabegi yakiburutwa sebuleni. Kisha akaonyesha kwa kidole meza ndogo ya kando ya kitanda.

"Vuta hiyo droo."

Ndani, juu ya leso safi, zilikuwa zimeanikwa sarafu za senti kumi za siku hizi, zile za chenji ya dukani. Pembeni yake, ndani ya kifuko cha plastiki, ilikuwepo ya mwaka 1916, kavu, haijaguswa hata na mate.

Orrin akachagua moja ya chenji, akaitia mdomoni, akaisukuma kwa maji.

"Sasa nenda," alisema akijifuta kidevu, "ukawaambie bei imepanda."