Mpaka Ijaribiwe Barabarani

"Shika hapo hapo, mwanangu, usitikisike," Fundi alisema, na mkwe wake akaibana ncha nyekundu ya mita juu ya betri kwa vidole viwili, asije akachafua shati.

Mkwe huyo mtaa ulimwita Bwana Pasi. Hakuna aliyewahi kumwona na kunjo kwenye shati, wala hakuna aliyeuliza mashati yale yananyooshwa na nani. Aliyeyanyoosha, mkewe, alikuwa katika chumba cha nyuma ya gereji, amelalia ubavu mmoja kwa kuwa wa pili haulaliki, jicho la kushoto limevimba mpaka limefumba. Alikuja jana kwa miguu. Mara mbili huko nyuma alikimbilia hapa kwa baba yake, na mara zote mbili Bwana Pasi alimfuata na ulimi wake wa asali, akaomba radhi mbele ya watu wazima, akarudishiwa mke. Fundi alijua kwamba binti yake akirudi tena kule, safari nyingine ataletwa amebebwa.

Leo mwanamume huyo alikuwa amekuja kumchukua. Mungu si Athumani, pikipiki ikamzimikia mbele ya gereji.

"Betri tu hiyo, baba," alisema akicheka. "Niazime umeme kidogo, nimchukue mwenzangu twende."

Angeweza kumwazima. Binti angetafutiwa kisingizio, aambiwe atafuata kesho. Umeme wa kuazima ungemfikisha Bwana Pasi mpaka mteremko wa machimbo, na pale, jua likishazama, taa ingefifia, injini ingekata, na malori ya kokoto hayamwoni mtu asiye na taa. Fundi aliliwaza jambo hilo kwa muda mrefu, na halikumtisha. Lilimpendeza. Alimchukia kijana huyu mpaka mate yakawa machungu mdomoni.

"Hapana," akasema. "Tuipime kwanza. Betri haifi bila sababu."

Akaipa betri chaji kidogo, akawasha, akamwambia mkwe avute mafuta. Mita ilipaswa kupanda ipite volti kumi na tatu. Ilisita kwenye kumi na mbili, kisha ikaanza kushuka. Pikipiki ilikuwa inakula betri bila kurudisha kitu, na Fundi akajisemea kwamba imefanana na mwenyewe. Akafungua ubavu, akazifuata waya tatu za njano zitokazo kwenye koili inayozalisha umeme, akazipima mbili mbili. Zote zilitoa umeme sawasawa. Koili nzima. Kilichokufa kilikuwa rektifaya, kile kifaa kinachopokea umeme wa koili na kuilisha betri. Plagi yake ilikuwa imeungua, plastiki imeyeyuka ikashikana na waya.

Fundi akatoa rektifaya mpya rafuni, akakata waya zilizoungua, akaunga nyingine kwa risasi ya kulehemu. Mita ikapanda, ikatulia kwenye kumi na nne. Hakuridhika. Akazima, akatoa ufunguo, akapima kama kuna umeme unaovuja wakati pikipiki imelala. Hapakuwa na kitu. Akabadilisha na balbu ya mbele.

"Baba, kwangu si mbali," Bwana Pasi akasema. "Mbona unapima kana kwamba navuka nchi?"

"Umeme hauulizi unakwenda wapi, mwanangu."

Bwana Pasi alifurahi. Alisema wakwe wengine wangemtoa mbio na rungu, lakini yeye amepata baba wa kweli, mtu anayejua kwamba mambo ya mke na mume ni ya mke na mume. Fundi akaitikia kwa adabu. Pikipiki hiyo ilinunuliwa na binti kwa pesa za cherehani yake. Aliiendesha miezi michache, kisha mume akasema mke wa pikipiki anamwaibisha, akaichukua yeye.

Fundi akamwomba akajaze dumu la mafuta, kwa kuwa injini italazimika kuunguruma sana. Mkwe alipoondoka, mzee alichukua spana na bisibisi, akainama upande wa pili, akalegeza hiki, akakaza kile, akavishusha vioo vya pembeni kidogo. Kisha akaingia ndani kunawa, akakaa huko kupita muda anaohitaji mtu kunawa mikono.

Bwana Pasi aliporudi, jua lilikuwa limeshuka. Tangi likajazwa mpaka shingoni. Fundi akamwambia kazi imekwisha, ila haiwezi kutoka mpaka ijaribiwe barabarani, kisha ipimwe tena ikiwa ya moto.

"Mimi magoti yameshagoma," akasema. "Nina mtu wa kujaribisha."

Mtu huyo akatoka na ovaroli pana, buti, na helmeti iliyoshushwa kioo. Bwana Pasi hakuwa mwenye kumtazama mara mbili mtu wa ovaroli. Akampa ufunguo kwa ncha za vidole, akamwonya asiikwaruze, akarudi kwenye simu yake. Injini ikawaka kwa mguso mmoja. Taa ikapiga ukuta wa ng'ambo, nyeupe, haitetemeki. Fundi akaisikiliza pikipiki ikipanda gia moja baada ya nyingine mpaka sauti ikamezwa na barabara kuu. 

Giza likaanza kuingia. Bwana Pasi akaitazama saa, akaitazama barabara, akapangusa vumbi kwenye kola.

"Mtu wako amechelewa, baba. Basi mwite mwenzangu atoke, tuwe tayari."

Fundi alikuwa anaizungusha mita kwenye kitambaa chake, taratibu, waya nyekundu ndani ya nyeusi.

"Nimwite kutoka wapi, mwanangu? Ufunguo si umempa mwenyewe."