Balbu Inayoitwa Shahidi

Saa nane mchana pikipiki ya Zéphirin iliingizwa ofisini, ikapitishwa katikati ya meza na kuegeshwa karibu na kompyuta ya Charline. Hakuna aliyecheka. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa mbili asubuhi, petroli ya jenereta ilikuwa imetoka kwisha, na betri ya pikipiki ndiyo tegemeo lililobaki.

"Funga ule waya mwekundu," Samy alisema. "Muzuri. Tuko na saa mbili, si zaidi."

"Docteur anafika saa tisa," Charline akajibu. "Zinatosha. Mutu asiguse kitu."

Charline ndiye aliyeianzisha kampuni hii hapa mtaa wa Mapendo: watu watatu, chumba kimoja. Kazi yao kuchunga friji za chanjo kwa mbali. Unaweka kipimo ndani ya friji ya kituo cha afya, kipimo kinatuma habari kwa njia ya simu, na friji ikizimika tu, kompyuta ya Mapendo inapiga kelele. Docteur Nshimiyimana alikuwa na vituo arobaini, kutoka mjini hadi kule Kiwanja na mbele yake, na leo anakuja kuamua kama atawapa kazi hiyo. Akikataa, Charline atafunga mlango mwisho wa mwezi. Alikwisha kuwaambia wenzake, na mke wa Samy ana mimba ya miezi saba.

Juu ya vichwa vyao ilining'inia balbu moja ya zamani, ile yenye kiwaya ndani. Waliiita Shahidi. Maana umeme wa mji huu ukirudi hurudi na hasira zake, na siku ya Pasaka uliwaunguzia kompyuta mbili kwa pigo moja. Tangu hapo, umeme ukikatika, Samy hushusha swichi kuu, na hakuna ruhusa ya kuipandisha mpaka Shahidi, aliyefungwa peke yake kwenye waya unaotoka nje, awake na kukaa dakika kumi bila kuzima. Sheria nzuri kabisa. Charline aliiandika mwenyewe na kuibandika ukutani.

Tangu asubuhi shingo zilikuwa zikiwauma kwa kumtazama Shahidi.

Na walipambana, haki ya Mungu. Jenereta ilinguruma chini ya dirisha mpaka wakawa wanaongea kwa ishara. Saa nne hivi makelele yalipita mtaani, nyumba zote kwa mara moja, ya wakubwa na wadogo, na Samy akaunda neno kwa midomo tu: mwizi. Saa tano wakazima kompyuta ya kwanza, saa sita ya pili. Zéphirin akatumwa petroli, akakuta foleni imefika hadi barabara kubwa, akarudi na dumu tupu na Fanta tatu kutoka kwa mama Mukabalisa wa duka la chini. Zilikuwa baridi hata chupa zinatoa jasho.

"Hata yule mama amenunua groupe, jenereta yake mwenyewe," alisema, na wivu haukufichika.

Jenereta yao ilipokata roho, kimya kiliingia, na ndani ya kimya kile wakasikia mashine ya kinyozi wa ng'ambo ya barabara ikitembea juu ya kichwa cha mtu.

"Sikia kinyozi," Zéphirin akasema. "Groupe yake hailie hata kidogo!"

"Ile ni ya bei," Samy akasema. "Tukipata kazi, tununue ya vile."

Charline akachukua daftari ya mahitaji, akaandika: groupe isiyolia.

Docteur alifika saa tisa kamili, mtu mrefu aliyelazimika kuinama mlangoni. Aliizunguka pikipiki bila kuuliza. Akaketi, akaitazama ramani yenye vitone vya kijani kwenye skrini iliyopunguzwa mwanga hadi mwisho.

"Nikuambie kitu, madame. Mwaka jana friji yetu moja ilikufa siku nne. Friji kufa si kitu, mashine ni mashine. Kilichoniuma ni kwamba kila asubuhi mutu alikuwa anaangalia kipimo, anaandika 'muzuri'. Kumbe kipimo ndicho kilikufa mbele, kabla ya friji. Tulitupa chanjo za watoto mia mbili."

"Pole, Docteur."

"Kwenu, kipimo chenyewe kikikufa?"

"Tutajua siku ile ile," Charline akasema bila kupepesa. "Sisi hatuamini kitu hivi hivi. Tunakagua." Na alisema kwa moyo wake wote.

Docteur akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akatoa karatasi za mkataba, akazinyoosha mezani, akafungua kalamu.

"Neno moja tu la mwisho. Siku courant ya umeme inapotea, munafanyaka nini?"

Charline akacheka. Mabega yake yalishuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, maana swali hili ndilo alilokuwa akilingoja.

"Docteur, leo yenyewe courant haiko! Tangu saa mbili hatukuiona. Na umeona kazi inaendelea." Akanyoosha kidole juu kwa fahari. "Yule ndiye Shahidi wetu. Akiwaka, tunajua imerudi."

Docteur akaitazama balbu. Akageuka dirishani, akamtazama kinyozi na mashine yake inayotembea. Kisha akafunika kalamu yake, akasimama, na kwa urefu ule hakuhitaji kiti. Akaifungua balbu taratibu, akaisogeza karibu na sikio, akaitikisa.

Wote watatu walikisikia kile kiwaya, kilichokatika, kikilia ndani ya kioo.