Miguu ya Dakika Tatu

Zipu ya gauni ilifumuka nusu saa kabla mwigizaji hajaitwa jukwaani, na fundi aliyeletwa kuishona alianza kwa kukomea mlango.

"Geuka," alisema.

Mwigizaji akageuka, mgongo wazi kuanzia shingoni hadi kiunoni. Hakumtambua. Angemtambuaje? Ilikuwa imepita miaka arobaini, na hata wakati ule hakuwahi kumtazama usoni.

Ng'ambo ya ukuta, ukumbi ulikuwa umefurika. Walikuwa wanaonyesha ile filamu ya vijana waliopigwa marufuku kucheza dansi na wazee wa mji wao, mpaka msichana mmoja akapanda juu ya meza ya baraza na kuwachezea wazee hao mbele ya macho yao. Dakika tatu inaonekana miguu tu, uso hakuna. Wasichana wengi wa rika lile waligombana na baba zao kwa ajili ya miguu ile, na leo mwigizaji, aliyeigiza kama msichana yule, alikuwa anakabidhiwa tuzo kwa sababu yake.

Fundi alitunga uzi polepole. Kisha akaichomeka sindano kwenye ukosi wa blauzi yake, akakunja mikono.

"Wewe hukucheza hata hatua moja," alisema. "Ile miguu ni yangu."

Mwigizaji alimtazama kupitia kioo na kumwambia, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa, kwamba ashone kwanza, mengine yatafuata.

"Hayafuati. Utapanda pale uwaambie watu nani alicheza, au utapanda mgongo wazi. Kikulacho ki nguoni mwako, mama."

Maneno hayo alikuwa ameyaweka moyoni tangu ana miaka kumi na tisa. Siku mbili alitoroka kwao asubuhi na kurudi jioni, akasimama juu ya meza ile badala ya mwigizaji, taa zikimchoma, kamera ikinguruma karibu na vifundo vyake, akapiga visigino mpaka soksi zikalowa damu. Jioni ya siku ya pili mama yake alivikuta viatu vya kuchezea chini ya kitanda. Kwa mama huyo dansi ilikuwa uhuni mtupu, na hakuwa mtu wa kurudia neno mara mbili. Alimfungia binti chumbani, na kulipokucha akavibeba viatu mwenyewe kwenda kuvirudisha.

Alirudi jua linazama. Alikaa na miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, akidai njia ilikuwa ndefu. Baba ndiye aliyetoa hukumu: mcheza dansi hana kitanda nyumbani kwake. Mama alitazama ukuta, hakumtetea mwanawe hata kwa kikohozi.

Binti alihama na mfuko mmoja, akajifunza cherehani. Filamu ilipotoka aliitazama mara kumi na moja, akaiona miguu yake, akalia kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Kulikuwa na hatua moja tu asiyoikumbuka, kisigino cha kushoto kugonga mara tatu mfululizo, lakini ujana una mengi na mtu hakumbuki yote. Kwao hakukanyaga tena. Mama alipofariki, alituma rambirambi na kuendelea na pindo alilokuwa anakunja.

Mlango uligongwa. Sauti ikasema zimebaki dakika kumi.

Mwigizaji aliketi, gauni likimporomoka begani. Hakuonekana kuogopa, na hilo lilimkera fundi kuliko tusi.

"Umenichukia muda wote huo?"

"Kila siku ya Mungu."

"Umejichosha bure. Mikanda ya filamu ilikuwa adimu siku zile. Siku mbili za mwanzo kamera ilizungushwa tupu, wachezaji wauzoee mlio wake. Hamkuambiwa, kwa sababu mngecheza ovyo. Mle ndani hamna hata kidole chako."

Fundi alimwita mwongo. Alisema miguu yake anaijua, namna kifundo kinavyojitokeza, namna unyayo unavyolalia upande wa nje. Mwigizaji alikubali kwamba miguu inafanana, inafanana mno. Lakini siku kamera ilipowekwa mkanda, alisema, mchezaji hakutokea.

"Nilifungiwa ndani."

"Hayo sikuyajua. Ninachojua ni kwamba viatu vililetwa na mwanamke mzima, mkali huyo, akatutukana sote mpaka mwongozaji. Tulipowasha muziki ili tuendelee na kazi zetu, akanyamaza. Halafu akauliza kama anaweza kuvijaribu."

Fundi aliupapasa ukosi wake akitafuta sindano, asiione.

"Alicheza kutwa nzima," mwigizaji alisema. "Malipo hakutaka, jina hakutaka. Alituomba kitu kimoja tu: mumewe asijue, na bintiye asijue."