Dole Gumba la Mwanahawa

Kila chumba cha wanandoa kilikuwa na kisanduku cha dawa ukutani, na kisanduku hakikuwa na mchezo. Kilimdunga mume kidole, kikasoma damu yake. Kikikuta dawa ya moyo, kidonge cha nguvu za kiume hakitoki, kwa sababu dawa hizo mbili zikikutana mtu hazinduki. Kisipoikuta, kilingoja dole gumba la mke liridhie.

Alasiri ile taa ya kisanduku iliwaka kijani. Mwaka mzima ilikuwa nyekundu.

"Baba Rukia," Mwanahawa aliuliza, "dawa ya moyo unakunywa kweli?"

"Kisanduku kimeshasema," alijibu mumewe Shomari, ndani ya shati alilolipiga pasi mwenyewe. "Au siku hizi wewe ndiye daktari?"

Asubuhi ya siku hiyo, alipokuwa akifua, Mwanahawa alikuwa amevikuta mfukoni mwa kanzu vidonge kumi na vinne vya moyo, vya wiki mbili nzima, vimefungwa kwenye leso. Moyo mgonjwa uliokosa dawa, kidonge cha nguvu nacho kingeweza kuusimamisha.

Kisanduku hakikuwa na sikio la kuambiwa hayo. Kilijua ndiyo na hapana tu, na majina ya waume walionyimwa na wake zao yalisomwa kwenye mkutano wa mtaa. Akinyimwa, Shomari asingeweza tena kukaa barazani na wenzake.

Mwanahawa akamtazama. Uso ulikuwa ule ule wa siku ya harusi yao.

Akaweka dole gumba.

"Salama," kisanduku kikasema, kikatoa kidonge.

Baadaye alilaza sikio kifuani mwa mumewe, akasikiliza. Moyo uliruka pigo moja, kisha la pili. Ukutani, kisanduku kiliuliza kwa upole kama wangehitaji kidonge kingine kesho.